Mikono ya Baba na Birika la Saa Nne

Baba yangu huzima vitu. Sijui niseme vipi. Kuna watu wana baba walevi, kuna watu wana baba wakali, mimi nina baba anayezima vitu. Akitoka chumbani, taa inazimwa. Redio ikimaliza taarifa ya habari inazimwa, kisha swichi ya ukutani inazimwa, kisha plagi inachomolewa, halafu anasimama anaitazama ile plagi kidogo, ahakikishe haina mpango wa kurudi. Stima ilifika kwetu yeye akiwa tayari mwalimu mwenye watoto, na tangu siku hiyo hajaiamini. Hasemi ni kitu kibaya. Anasema tu kwamba haina adabu.

Alipokuja Marekani alifikia kwa kaka yangu, Houston. Huku soketi hazina swichi, ukitaka kuzima kitu mpaka uchomoe, kwa hivyo Baba akawa anachomoa. Alichomoa intaneti, akachomoa saa ya mezani, akachomoa simu ya kaka ikiwa haijajaa hata nusu. Halafu siku moja kaka na mkewe wakaenda harusini, wakalala huko, na waliporudi wakakuta friza ya gereji imechomolewa, na mbuzi mzima aliyekatwa vizuri ameoza katika lile joto la Houston. Baba alipoulizwa alishangaa. "Hamkuwepo," akasema. "Ilikuwa inampozea nani?"

Mimi niliposimuliwa kwa simu nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kaka hakucheka. Akasema, "Wewe cheka tu, ngoja aje kwako."

Na kweli akaja kwangu. Mapafu yake yalianza kuchoka, unyevu wa Houston ukawa unamlemea, na kaka na mkewe wote wawili ni wauguzi wa zamu ndefu. Mimi naishi Irving, karibu na uwanja wa ndege, katika nyumba ndogo ya kupanga, ya zamani, yenye mti mkubwa nyuma ambao matawi yake yamelala juu ya waya za stima. Nafanya kazi ofisi ya mizigo hapo uwanjani, naondoka asubuhi narudi jioni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakubali, lakini kwa Baba sina neno. Nilimpa chumba kinachopata jua, nikamwekea kiti chake dirishani.

Daktari akaagiza mashine ya oksijeni. Ni kisanduku cha kimo cha stuli, kinavuta hewa ya chumbani, kinaichuja, kinamletea puani kwa mpira mrefu unaofika mpaka jikoni. Inanguruma mchana na usiku. Pembeni tuliwekewa mtungi wa akiba, stima ikipotea ahamie huko. Daktari alituambia bila kuzungukazunguka: mashine ikizimika kidogo, atachoka na kuchanganyikiwa, ikizimika naye akapitiwa na usingizi, anaweza asiamke.

Kuhusu jiko nilikuwa mkali. Mtu mwenye oksijeni puani hasogelei moto wala koili nyekundu, basi. Lakini mwalimu mstaafu bila chai ya saa nne ni mgonjwa wa aina nyingine. Mimi mwenyewe chai napika kwa sufuria jikoni, maziwa na majani pamoja, inavyotakiwa. Yeye nikamnunulia birika la stima, awe anachemsha maji nikiwa kazini, ajitengenezee ya rangi. Aliliita "hilo birika lako la hospitali", lakini alilitumia.

Kila siku saa nne nilikuwa nampigia simu. Tunaongea mambo ya bure: majirani, ndege, nani amekufa nyumbani. Asubuhi moja nikasikia nyuma yake mlio mrefu, mkali, wa kuchoma sikio.

"Baba, hiyo ni nini?"

"Ni hii mashine. Nimerudi nimeikuta inalia."

"Inafanya kazi?"

"Imezimika."

"Umeizima?"

"Sijaizima."

Nikamwambia abonyeze kitufe. Akabonyeza, ikanguruma. Moyo wangu ukarudi mahali pake. Lakini siku chache baadaye ikawa vilevile. Kisha tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imelegea, maneno yanachelewa, akaniita kwa jina la dada yake aliyezikwa zamani. Nilitoka ofisini bila kuaga mtu, nikaendesha gari kama mwizi. Nilimkuta kitini, mashine imewashwa tena, midomo imeanza kurudiwa na rangi.

"Sijaizima," akasema kabla sijafungua mdomo.

Kaka alisikia, na unajua alichotaja. Friza. Friza ile ikageuka shahidi wa mashtaka. "Anaizima bila kujua," akaniambia. "Anasimama kutoka chumbani, mkono unaenda wenyewe. Amefanya hivyo maisha yake yote. Sasa na kumbukumbu ndiyo inaenda. Tukimwacha peke yake mchana, ataizima na atakufa, na mimi na wewe tutajibu nini?"

"Baba amesema hajaizima."

"Hata kwa friza alisema hatukuwepo."

Mkewe akatafuta nyumba ya wazee huko Houston, safi, yenye Wakenya wawili watatu wanaofanya kazi. Kaka akasema atakuja wikendi tumalizane. Mimi nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikakata simu. Baba mzima, aliyetulea sisi mpaka tukawa watu wazima, apelekwe akatunzwe na wageni kwa sababu ya kitufe? Nilikuwa nachemka. Lakini pia nilikuwa naogopa, kwa sababu kazi yangu ya mizigo haifanywi ukiwa nyumbani, na sikuwa na mtu wa kukaa naye.

Kampuni iliyotuletea mashine ilimtuma fundi. Akaifungua, akaisafisha, akaipima, akasema ni nzima. Alipokuwa anafunga begi lake akaniuliza, kwa upole tu, "Umeme wa nyumba yenu uko sawa?"

Nilimcheka usoni. Haki ya Mungu nilimcheka. Huyu mtoto wa watu anajua stima mbaya? Mimi nimekulia mahali ambapo balbu ilikuwa inakua na kusinyaa jioni nzima, na sisi tunaendelea kula. Stima ya kwetu ilishaua friji mbili na televisheni ya jirani. Tulikuwa na kisanduku cha kulinda friji, na bado tulikuwa tunaichomoa mawingu yakikusanyika. Sasa hapa Marekani, ambapo nguzo zimenyooka na bili inakuja kwa senti, uniambie stima? Nilimshukuru nikamfungulia mlango.

Lakini swali lilibaki. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kipimo, kidude cha kuchomeka ukutani chenye kioo kidogo kinachoonyesha volti. Nilichagua chenye alama ya kukaguliwa usalama, maana vile vya bei ya karanga vinaweza kuwa ndivyo vinavyochoma nyumba. Muuzaji alinipa masharti na mimi nikayashika. Kichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuongezea. Kisikae katikati ya mashine ya mgonjwa na ukuta. Mashine ibaki na soketi yake. Kikipata joto, kitoe. Na lile sanduku la swichi, unaweza kufungua kilango na kubonyeza swichi, lakini bamba la ndani lenye skrubu usiliguse kamwe, hilo ni la fundi mwenye leseni.

Baba alisikiliza yote nilipomsimulia. "Basi angalia kwa macho," akasema. "Vidole weka mfukoni."

Nikaanza kupima, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Na mimi ni mtoto wa baba yangu, kwa hivyo nilipima kwa heshima: nilizima kila kitu kwanza. Taa zote, televisheni, chaja, kibaniko cha mkate, birika nalo nikalichomoa. Nyumba ikiwa kimya, imebaki ile mashine peke yake, ndipo nachomeka kipimo chumbani kwake na kukitazama. Mia na ishirini. Jioni, mia na ishirini. Siku nyingine mia na ishirini na moja, ikarudi. Ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi.

Ningekuwa na akili ningefurahi. Badala yake kila nikiona ile mia na ishirini nilikuwa nachomoa kipimo na kukichomeka tena, kwa sababu kama stima ni nzuri na mashine ni nzima, basi aliyebaki ni Baba.

Kuna kitu kimoja kilikuwa mbele yangu nikakipita. Jioni moja nilikuwa napiga pasi sebuleni, na kila pasi ilipowaka, balbu ya ukumbini ilikuwa inang'aa zaidi, ikawa nyeupe kabisa. Nikasema moyoni, stima inacheza tu. Nikaendelea na kola ya shati. Mmarekani angepiga simu. Mimi kwangu balbu kubadilika ni jambo la kawaida, ni kama mtu kupiga chafya.

Baba naye alikuwa amebadilika. Zamani nikirudi namkuta anachambua maharagwe au anakata sukuma, visu vyangu vyote anavinoa bila kuombwa. Sasa namkuta kitini, blanketi mapajani, mikono imefichwa chini. Nikidhani anasikia baridi, namfungia dirisha. Anasema asante, lakini mikono haitoki. Hata kunisalimu akawa ananisalimu kwa kichwa.

Kaka akaja Jumamosi kama alivyosema, peke yake, ameendesha kutoka Houston tangu alfajiri. Ilikuwa majira yale mazuri, joto halijaanza kutuadhibu, madirisha yote yamefunguliwa. Akaingia jikoni kunywa maji akaacha taa imewaka, kama kawaida yake. Katika watoto wote wa Baba huyu ndiye hakurithi. Tukaenda wote chumbani kwa Baba. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na maneno yangu kichwani, makali, nimeyanoa wiki nzima.

Baba akatuwahi.

"Nipelekeni," akasema. "Ni mimi."

Kaka akatazama sakafu. Mimi nikapandisha sauti. "Wewe nini? Si ulisema hujaizima?"

"Nilisema. Lakini nimechunguza." Alikuwa anaongea taratibu, vile alivyokuwa anaeleza hesabu ubaoni. "Nilijiambia, kama mkono wangu unakwenda bila mimi kujua, basi niukalie. Nikaikalia mikono yote miwili. Nikiikalia, hii mashine haizimi. Inanguruma asubuhi nzima. Nikisimama tu nikaenda jikoni, nikirudi naikuta imezimika. Nimejaribu mara nyingi, mama. Haizimi nikiwa nimeikalia mikono. Sasa wewe niambie, ni nani?"

Baba huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nikalitazama lile blanketi mapajani mwake. Kumbe blanketi lilikuwa la hilo. Siku zote hizo alikuwa amekaa juu ya mikono yake mwenyewe, mzee wa watu, anailinda mashine isiguswe na yeye. Hasira ilinipanda mpaka machoni, na sikujua ni ya nani.

"Usiniambie hivyo!" nikapiga kelele. "Baba, usiniambie hivyo kabisa!"

"Si vizuri kumpigia mzee kelele," kaka akasema.

"Wewe nyamaza na friza yako!"

Mashine ikawa inanguruma. Na hapo ndipo lile neno lake likanirudia. Jikoni. Sikusikia akisema akienda chooni, wala sebuleni, wala mlangoni kupokea vifurushi. Alisema jikoni.

"Baba," nikasema, sasa pole pole. "Ukienda chooni, inazimika?"

Akafikiri. "Hapana."

"Ukienda kuangalia barua?"

"Hapana. Sijaona."

"Jikoni unafanya nini?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye kumbukumbu yangu imekwenda. "Si nachemsha maji."

Birika. Birika ambalo mimi silitumii, na ambalo kila nilipopima nilikuwa nalichomoa kwanza kwa heshima zote. Nikamwambia kaka amhamishie Baba kwenye mtungi, na kwa kazi hiyo yeye ni fundi. Akafungua, akasikiliza hewa, akambadilishia mpira wa puani bila kumtikisa. Nikataka kuchomoa ile mashine isije ikadhurika. Baba akakataa.

"Iache," akasema. "Nataka kuiona ikizimika yenyewe."

"Itaharibika, Baba."

"Mara moja tu."

Nikakichomeka kipimo kwenye soketi ya ukuta wa pili, mbali na mashine. Mia na ishirini. Nikamtuma kaka jikoni. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, na Baba kwenye kiti chake, na nikamwambia atoe mikono nje. Akaitoa polepole. Akaiweka magotini, viganja juu. Ilikuwa imejaa alama za kitambaa cha kiti.

"Washa," nikamwambia kaka.

Nikasikia kitufe cha birika. Nambari ikaruka. Ilipita mia na ishirini na tano, ikapita mia na thelathini, ikasimama huko juu inatetemeka. Mashine ikakohoa, ikapiga ule mlio wake, ikafa.

"Taa ya huku imefifia!" kaka akapaza sauti.

"Huku imepanda! Zima! Zima hilo birika!"

Akazima. Nambari ikashuka mia na ishirini, ikatulia pale kwa unafiki wake wote. Mashine ikabaki inalia. Nikageuka kumtazama Baba. Hakuwa anaangalia kipimo wala mashine. Alikuwa anaangalia mikono yake, pale magotini ilipokuwa.

"Rudia," akasema.

"Hapana, Baba. Ni hatari."

"Rudia, mama. Nione tena."

Sijawahi kumnyima baba yangu kitu kigumu kama kile. Lakini nilikuwa nimeona upande mmoja unapanda na mwingine unashuka kwa wakati mmoja, na muuzaji dukani aliniambia kwamba siku ukiona hivyo usisubiri kesho, kwa sababu nyumba inaweza kuwaka. Nikachomoa mashine. Nikaenda kwenye sanduku la swichi, nikafungua kilango, nikashusha ile swichi kubwa ya juu. Nyumba nzima ikanyamaza, na ndege zikasikika.

Nikapiga simu kwa kampuni yenye nguzo na waya, si ile inayotuma bili, maana huku hizo ni kampuni mbili. Nikaeleza: volti zinapanda chumbani tukiwasha kitu jikoni, taa ya jikoni inafifia, na kuna mgonjwa wa oksijeni. Nilitarajia kuzungushwa. Mwanamke aliyepokea hakunizungusha hata kidogo. Akaniuliza kama nimeshusha swichi kuu, nikasema ndiyo, akasema niiache hivyohivyo.

Tulimtoa Baba nje kivulini, na mtungi wake kwenye kigari. Kaka akaleta viti. Baba alikuwa ameshika kikombe cha maji kwa mikono yote miwili na kila mara anakihamisha kutoka mkono huu kwenda ule.

Gari la kampuni likaja, lile lenye kikapu cha kumpandisha mtu juu. Fundi akapanda mpaka pale waya zinapoingia nyumbani, kati ya matawi, akakaa huko muda, akashuka ametuletea kipande cha chuma kilichoungua. Akatueleza na mimi nikamfasiria Baba. Nyumba za huku zinaletewa waya mbili zenye moto, na waya wa tatu, ulio uchi, wa kurudishia. Nusu ya soketi ziko upande huu, nusu upande ule, na huo wa tatu ndio unaozishikilia zote zibaki sawa. Matawi yalikuwa yameutikisa miaka na miaka, kiungo kimelegea, kimeoza. Ukiwasha kitu kikubwa upande mmoja, upande wa pili unasukumiwa stima isiyo yake. Birika upande huu, mashine upande ule. Akasema tuna bahati. Akaongeza kwamba waya ukiachia kabisa, balbu hupasuka na vifaa huungua, na kwamba watu wengi huona taa zikicheza wakazoea. Hapo nilijifanya naangalia mti.

Akakaza waya mpya, wakakata matawi, akapima mwenyewe kwa vyombo vyake, akaniambia nimwite mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni akague na ndani. Fundi huyo wa ndani alikuja Jumapili mchana. Ndani kulikuwa salama.

Lakini ile Jumamosi yenyewe, swichi iliporudishwa, Baba alitaka aone. Safari hii nilimkubalia. Tukakaa chumbani, kipimo ukutani, mashine inanguruma, kaka jikoni.

"Washa!" Baba akaita yeye mwenyewe, kwa ile sauti ya darasani.

Birika likaanza kuvuma. Nambari ilikuwa mia na ishirini na moja, ikawa mia na ishirini.

"Imeshuka," Baba akasema.

"Hiyo ni kawaida."

Hakuniamini. Tulikaa pale tukaitazama ile nambari mpaka maji yakachemka na birika likajizima lenyewe. Mashine haikutetereka. Kaka akarudi na vikombe vya chai ya rangi, akampa Baba chake, akabaki amesimama mbele yake na macho yamejaa.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nilisema ni wewe."

Baba akanywa kidogo. Akapuliza. "Ile friza lakini ilikuwa mimi," akasema.

Kaka akamtazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akamwaga chai, akacheka kile kicheko nilichomdai tangu Houston, na mimi nikacheka, na Baba akacheka mpaka tukamwambia apumzike, asije akamaliza hewa. Jioni kaka akaondoka. Habari ya nyumba ya wazee haikutajwa. Aliniomba tu nimwambie kile kipimo nilikinunua duka gani.

Jumatatu nikaenda kazini. Nilifunga mlango, nikaufungua tena kumtazama Baba, nikaufunga, nisidanganye. Saa nne ilipofika nikatoka kwenye veranda ya ofisi, kule kelele za ndege zinapopungua, nikapiga. Iliita muda mrefu. Nikaanza kutafuta funguo za gari mfukoni.

Akapokea. Nyuma yake nilisikia vitu viwili kwa pamoja, birika likivuma na mashine ikinguruma.

"Baba, unafanya nini?"

"Nachemsha maji. Na hapa nakata sukuma, ulinunua nyingi mno."

"Mashine?"

"Ipo."

Kisu kikasikika kwenye ubao, tik, tik, tik. Halafu kikasimama.

"Na mimi nipo, mama," akasema.

Nililia pale veranda, watu wanapita na vitambulisho vyao shingoni. Baba akangoja. Kisha akaniambia nirudi kazini, na nisisahau kuzima taa za pale ofisini nikitoka.